Miguu Michafu Inatafutwa

Mke wangu ana moyo mkubwa na hasira za haraka, na taabu yangu ni kwamba hasira hufika kwanza. Moyo huja nyuma, unahema. Siku za kazi ni fundi cherehani, anashona magauni ya maharusi, na mtu akikanyaga kitambaa chake cheupe hujuta kuzaliwa na miguu. Jumapili hufundisha watoto kanisani, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja na meza iliyolegea, na huko hata mimi niliyemwoa humwita Mwalimu. Mimi ni seremala. Mabenchi yote ya kanisa lile ni kazi ya mikono yangu, na nalisema hilo mapema kwa sababu balaa lenyewe lilianzia kwenye benchi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja, anauza mkaa. Ghala lake linatazamana na kibanda cha dada yake, katikati ni uchochoro tu, na upepo ukivuma kutoka kwake, mkaa unahamia kwa maharusi. Walikuwa wakizozana juu ya hilo kila mara, tena kwa raha zao: asubuhi wanarushiana maneno, mchana wanakula sahani moja. Mpaka siku shemeji alipoingia kibandani kuomba kiberiti, akaegemea gauni lililotundikwa likisubiri harusi ya kesho yake. Aliacha alama ya kiganja kizima, vidole vyote, pale hasa bibi harusi anapokalia. Kelele za mke wangu zilisikika mpaka sokoni.

Hilo lingepita. Lililofuata ndilo lililokwama. Jumapili yake shemeji alikuja kanisani, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi, lakini mkaa ni mkaa. Huingia kwenye nyufa za visigino na chini ya kucha ukajenga humo. Akasogea kuketi kando ya dada yake kama kawaida. Mke wangu, bila hata kumtazama, akatoa gazeti kwenye mkoba, akalikunjua taratibu, akalitandika kwenye benchi mahali pa shemeji. Watu wa nyuma wakacheka. Shemeji akalitazama lile gazeti, akamtazama dada yake, akatoka. Hakurudi tena kanisani, wala kibandani.

"Nilikuwa nalinda benchi lako," mke wangu aliniambia tukiwa njiani.

Benchi lile ni la mbao ngumu na nimelipaka vanishi ya kutosha. Halikuwa limelalamika.

Aliyeumia kuliko wote ni mtoto. Shemeji ana binti mmoja, ambaye alifiwa na mama angali mchanga, na tangu alipoanza kutambaa amelelewa nusu na baba yake, nusu na shangazi yake chini ya meza ya kukatia vitambaa. Shangazi yake ndiye aliyempa jina la Sindano, kwa wembamba wake, na kwa tabia yake ya kupotea halafu kuonekana pale pale unapotaka kukaa. Baada ya mambo ya gazeti, baba yake alimwambia: kanisani nenda, Mungu hana kosa, kibandani usikanyage. Na Sindano, mtoto mwenye adabu hadi inakera, akaanza kumwita shangazi yake "Mwalimu" hata wakikutana bombani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mke wangu aliitikia vizuri tu, kisha akaja nyumbani kugombana na masufuria.

"Si umwambie tu pole," nilimshauri siku moja.

"Nimwambie nani?"

"Ndugu yako."

"Kwani nina ndugu?"

Nikafyata mkia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikienda ghalani kwa siri, kwa mlango wa nyuma, kunywa chai na shemeji, na kabla ya kurudi nyumbani nanawa mpaka viwiko, kama daktari anayeingia kupasua mtu.

Sasa ikafika zamu ya somo la upendo. Mke wangu alikuwa amehangaika Jumapili nyingi kuwaelewesha wale watoto kwamba upendo wa Kikristo si kugawa mabaki, ni kujitoa mwenyewe kwa ajili ya mwenzako. Hawakushika kitu. Alipouliza nani wiki hiyo ametoa kitu kwa upendo, mmoja alisema amempa mdogo wake uji wake wote, kwa sababu uliingia nzi. Mwingine tuliyemwita Wakili, maana hakuna kauli ya mtu mzima asiyoikatia rufaa, alisema yeye alitaka kujitoa lakini hakuna aliyemwomba.

Ndipo Mwalimu akaamua kuwaonyesha badala ya kuwaambia. Angewasimulia jinsi Bwana Yesu, usiku ule wa mwisho, alivyovua vazi lake la nje, akajifunga taulo, akapiga magoti na kuwaosha wanafunzi wake miguu. Miguu iliyoshinda vumbini, hata ya yule ambaye alijua atamsaliti. Halafu watoto nao wangeoshana miguu, wazazi wakitazama.

"Jumapili ijayo njooni na miguu yenu kama ilivyo," aliwaambia.

Hapo ndipo alipoteleza, na cha ajabu ni kwamba anawajua akina mama wa mtaa ule kama vidole vyake. Watoto walifika majumbani wakatangaza kwamba Jumapili watavua viatu mbele ya Mchungaji. Sasa mama gani angekubali? Jumamosi nzima mtaa ulisugua. Mawe ya kusugulia visigino yaliazimwa mlango kwa mlango. Nilipita na ubao wangu begani nikasikia watoto wanalia katika kila ua, nikadhani wamechanjwa.

Jumapili nikabeba ndoo za maji, nikapanga beseni na viti vifupi, nikatandaza magazeti sakafuni ili maji yasilete matope. Mke wangu alikuwa amevaa gauni lake jeupe, lile alilojishonea mwenyewe baada ya kuwashonea wengine maisha yake yote. Watoto wakaingia. Mmoja alibebwa mgongoni na baba yake ili asiguse vumbi. Mwingine alikuwa amefungwa mifuko ya plastiki miguuni. Wakili alivaa soksi juu ya soksi, na kuna msichana aliyepakwa rangi za kucha, kila kidole na rangi yake. Chumba kikanukia losheni mpaka macho yakatuwasha. Sindano aliingia wa mwisho, akakaa nyuma kabisa.

Kisa mke wangu alikisimulia vizuri, hilo simnyimi. Alipofika kwa Petro anayekataa kuoshwa, hata mimi nilisahau nilikuwa nimeshika ndoo.

"Haya. Nani ataosha?"

Mikono yote ikapanda juu. Wote walitaka kuwa Yesu.

"Na nani ataoshwa?"

Mikono ikashuka yote. Ikabidi awapange kwa nguvu, na wa kwanza kuoshwa akawa Wakili. Mwenzake akamwagia maji, akasugua, akafuta. Wakili akainama juu ya beseni, akachungulia kwa muda.

"Mwalimu, haya maji yametoka masafi kuliko yalivyoingia."

"Kaa kimya uoshwe."

"Lakini Mwalimu, huyu hajafanya kitu. Mama alinisugua jana mpaka nikalia. Mama ndiye aliyejitoa."

"Na wewe ulitoa nini?" mwenzake akamuuliza kwa wivu.

"Ngozi."

Wazazi wakaangua kicheko. Na mke wangu ni mtu anayevumilia mvua, deni la mteja na kelele za randa yangu, lakini kuchekwa akiwa kazini hapana. Niliona masikio yake yanabadilika rangi.

"Kumbe mnataka tuoshe nini humu, marashi?" akafoka. "Miguu yote inang'aa kama sahani za wageni! Haya, nendeni basi mkanitafutie miguu michafu!"

Alimaanisha kaeni chini mwone aibu. Mtu mzima yeyote angeelewa. Lakini mtoto akisikia amri inayompendeza hasubiri ufafanuzi. Kufumba na kufumbua chumba kilikuwa kitupu, wamebaki wazazi na viatu vilivyotupwa kila mahali. Sindano, aliyekaa mbali na mlango kuliko wote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka.

"Mwalimu, umewatuma kweli?" mama yake Wakili akauliza, akikumbuka kazi ya jana.

"Nimewatuma," mke wangu akajibu, kidevu juu. Nakijua kidevu hicho. Kikishapanda hakishuki mbele za watu, hata jengo likiungua.

Wakaanza kurudi. Wa kwanza walimleta fundi baiskeli, grisi mpaka magotini, mkononi bado ameshika mpira wa ndani aliokuwa akiuziba. Wa pili walimleta mwashi ambaye saruji ilikuwa imemkaukia miguuni. Yeye alidhani ameitiwa ukuta uliopasuka, akawa anazungukazunguka chumbani akiutafuta. Kisha Wakili akaingia akivuta mbuzi kwa kamba.

"Mbuzi wa nani huyo?"

"Ana miguu minne, Mwalimu," Wakili akasema. "Na tutamrudisha."

Mke wangu alikuwa anajiandaa kulipuka upya pale mlango ulipoingia giza. Sindano alikuwa amerudi, amemshika baba yake kidole.

Shemeji alikuwa ametoka kushusha magunia. Mkaa ulikuwa kwenye nyusi, kwenye shingo, kwenye suruali iliyokunjwa, na miguu yake, iliyotembea peku juu ya vumbi la ghala, huwezi kusema inaishia wapi na sakafu inaanzia wapi. Alikuwa anatweta. Ilionekana amekuja mbio, hakunawa hata uso. Kicheko kikafa chumbani. Watu wote walioliona lile gazeti siku ile walikuwamo, na hakuna aliyekuwa amelisahau.

"Dada," akasema. "Umeniita, nimekuja."

Nikamtazama Sindano. Sindano alikuwa anatazama dari.

Hapo nikaelewa. Hakuna aliyemwita mtu. Mtoto alipewa amri ya kutafuta miguu michafu, naye alijua ilipo iliyo michafu kuliko yote duniani. Akaenda ghalani akamwambia baba yake shangazi anakuita, na baba mtu akaacha magunia njiani akakimbia. Sasa ilibaki mke wangu aseme ukweli tu. Sijakuita. Ni aina ya ukweli anaoupenda, mfupi na wenye makali. Na angeusema, shemeji angegeuka akaenda zake, safari hii moja kwa moja, na Sindano angemwamkia shangazi yake "Mwalimu" mpaka wazeeke wote wawili. Niliona mdomo wa mke wangu unafunguka. Sindano alifumba macho.

"Nimekuita," mke wangu akasema. "Umechelewa."

"Nilikuwa nashusha mkaa."

"Naona."

Shemeji akapiga hatua moja ndani, akasimama. Alikuwa ameyaona yale magazeti niliyotandaza, laiti ningejua. "Naona na magazeti yako tayari," akasema polepole.

Mke wangu aliyatazama magazeti kama vile hajawahi kuyaona, kisha akainama, akayakusanya yote kwa mikono miwili, akayakunjakunja na kuyatupa dirishani. Nje mtu akapiga kelele kuuliza nani huyo asiye na adabu.

"Kaa," akamwambia nduguye, akionyesha kiti.

"Gauni lako, Dada."

"Nimelishona mwenyewe. Najua njia ya kulishona tena. Kaa."

"Usinioshe mimi. Mbele za watu hivi, nimechafuka hivi? Niache niende nikaoge kwanza."

"Mwalimu!" Wakili akaruka juu kwa furaha. "Anakataa kama Petro!"

Darasa zima likalipuka. "Petro! Petro! Petro!" Wakapiga makofi, mbuzi akalia nao, na mwashi, aliyekwisha kuelewa ameitiwa nini na kuchoka kusubiri zamu yake, akamwambia shemeji: "Kaa bwana, mwenzako nina saruji." Shemeji akakaa, nadhani ili wanyamaze.

Mke wangu akajifunga taulo kiunoni. Akapiga magoti, na magoti yake yakalia mpaka tukasikia. Akashika mguu wa nduguye, akauingiza katika beseni, na maji yakawa wino papo hapo. Watoto wakasukumana kuona. Hiki sasa ndicho walichokuwa wakikitaka. Nikamwaga, nikajaza, yakawa wino tena. Alisugua kwa kidole gumba ndani ya kila ufa.

"Miguu hii nimeiosha sana," mke wangu akasema mwishowe, akiuambia ule mguu. "Mama akiwa kazini. Ulikuwa unanipiga mateke."

"Ulikuwa unaniosha kwa sabuni ya kufulia."

"Ndiyo iliyokuwepo."

Akasugua tena. Kisha akasimamisha mkono. "Lile gazeti," akaanza, na ule mdomo ambao haujawahi kukosa neno ukakwama. Akajaribu upya. "Lile gazeti halikuwa kwa ajili ya benchi."

"Najua."

"Nilitaka na wewe uone aibu, kama nilivyoona mimi kwa yule bibi harusi."

"Niliona, Dada. Niliona sana."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya wazazi wote, mbele ya Mchungaji aliyekuwa amefika mlangoni kuuliza mbuzi anafanya nini kanisani. Mimi nililia. Wengine walisingizia losheni. Mimi sisingizii kitu. Nililia kwa sababu nampenda yule mwanamke na kwa sababu nilikuwa nimechoka kunywa chai kwa kujificha.

Wakili alikuwa ameinama juu ya beseni. "Mwalimu," akasema, sasa kwa upole, "haitakati. Ile ya kwenye nyufa haitoki."

"Haitoki," mke wangu akakubali. "Na kesho ataenda ghalani tena."

"Sasa tunaiosha ya nini?"

"Kwa sababu ni ya kwake," akajibu. "Leta maji mengine."

Wakili akafungua mdomo kukata rufaa, akaufunga, akaenda kuleta maji. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kupangwa. Watoto waliwavamia fundi baiskeli na mwashi, wengine kwenye kisigino, wengine kwenye kidole kimoja kimoja, wakagombana ni nani amepewa grisi nyingi. Soksi safi zikalowa, kucha zenye rangi zikaingia kwenye saruji. Mwashi alikaa kimya kama bwana harusi. Akina mama waliona kazi ya Jumamosi inakwenda na maji, wakaishia kukunja nguo zao na kushika ndoo. Mbuzi alimuuma mtoto mmoja kidogo, akaoshwa hata hivyo.

Kengele ya ibada ikalia. Mke wangu akataka kuinuka, magoti yakakataa. Akajaribu tena, yakakataa tena. Shemeji, ambaye miguu yake sasa ilikuwa safi kwa kiasi inachoweza kuwa, aliruka, akamkumbatia dada yake mgongoni na kumnyanyua juu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwosha mikono.

Alipomwachia, tuliona sote. Katikati ya mgongo wa lile gauni jeupe, kiganja kizima, vidole vyote. Shemeji aliutazama mkono wake, akaganda.

"Shangazi!" Sindano akapiga kelele. Lilimtoka lenyewe, kabla adabu haijawahi kulizuia. "Shangazi, gauni!"

Mke wangu hakuuliza habari ya gauni. Aligeuka kumtazama mtoto, uso ukambadilika kabisa. "Umeniitaje?"

"Shangazi," Sindano akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Baba amekuwekea mkono mgongoni."

"Basi na ukae," mke wangu akasema. "Twende, ibada imeanza. Na wewe, nani alikwambia nilimwita baba yako?"

Sindano akatazama dari. Shemeji akamtazama dada yake, akamtazama binti yake, na nikaona kitu kinamwingia taratibu mpaka mabega yakaanza kutikisika. Alicheka njia nzima mpaka mlango wa kanisa.

Tuliketi kwenye benchi lile lile, mimi pembeni, kisha mke wangu, kisha Sindano aliyejipenyeza katikati, kisha shemeji kwenye ubao mtupu. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mama mmoja aliyekaa nyuma yetu aliinama na kumnong'oneza mke wangu kwa huruma: "Mwalimu, una doa mgongoni."

Mke wangu hakujali kunong'ona.

"Si doa," akasema. "Ni ndugu yangu."

Jumatatu asubuhi nilipita kanisani na kitambaa kibichi kulifuta benchi langu. Mkaa ulitoka mara moja.